Mwenye Ploti na Mbuzi wa Mwisho wa Mwezi

Miongoni mwa njia ambazo Mkenya mwenye kipato cha wastani huziamini katika kujijengea utajiri, hakuna inayopewa heshima kubwa kuliko ploti, yaani mkusanyiko wa vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua mmoja au kupandana ghorofa tatu nne, vikitumia lango moja, tangi moja la maji na kamba zile zile za kuanikia nguo. Hisa huonekana kuwa mambo ya vitabuni, ng'ombe hufa kwa ukame, na biashara ya matatu humzeesha mtu kabla ya wakati. Lakini ploti, kwa mujibu wa mafundisho yanayotolewa katika vikao vya chama, katika foleni za Sacco na hata mazishini watu wakisubiri chakula, humwingizia mwenyewe pesa akiwa usingizini. Mafundisho hayo huja na nyongeza ambayo ndiyo inayohusika zaidi hapa, kwamba mtu aliyejinyima miaka kadhaa hadi akajenga ana haki ya kujipongeza, na kwamba pongezi hiyo isihesabiwe kuwa anasa kwa sababu ndiyo inayompa moyo wa kujenga ploti ya pili. Katika Kaunti ya Kajiado, na hasa Kitengela, pongezi ina umbo linalojulikana, nalo ni mbuzi wa kuchoma mwisho wa mwezi, akiliwa pamoja na marafiki wanaoitikia kila neno la mwenye ploti. Safari ya pesa kutoka chumba nambari moja hadi kwenye paja la mbuzi huyo ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na barabara yake, kama nyingi za mtaani Kitengela, ina mashimo.

Shimo la kwanza huchimbwa siku ya kununua ardhi. Kipimo cha kawaida ni futi 50 kwa 100, ambacho madalali hukiita moja ya nane ya ekari kwa sauti isiyotikisika, ingawa 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000 na moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Hizo 445 zilizopungua zingetosha bedsita mbili, yaani chumba kimoja kimoja chenye pembe ya kupikia na choo chake cha ndani, na bedsita mbili kwa miaka 20 ni pesa nyingi. Lakini ni nadra kumpata mnunuzi aliyezidai, kwa sababu huelezwa kwamba zimemezwa na barabara, na akiuliza barabara yenyewe iko wapi huelezwa kwamba inakuja.

Kabla ya vigingi na madalali, Kitengela ilikuwa na wapangaji wa aina nyingine kabisa. Eneo hilo lilikuwa ranchi ya kikundi, yaani ardhi ya Wamaasai iliyosajiliwa kwa jina la wawakilishi wa jamii kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968, na katika misimu ya mvua nyumbu na punda milia walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, wakapita humo kuelekea tambarare za kusini. Ranchi iligawanywa kwa wanachama mwaka 1988, nyua zikaanza kuota, na mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza, malipo yakitolewa mara tatu ili yalingane na siku za kulipa karo. Yeyote aliyewahi kupangisha bedsita akisoma masharti hayo hushikwa na wivu, kwa kuwa nyumbu hatumii maji ya tangi, haombi chumba kipakwe rangi, hapigi muziki usiku wa manane, na kodi yake hulipwa na mtu mwingine kwa fedha za kigeni. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni simba waliomfuata nyuma wakaingia zizini na kujipongeza kwa mbuzi wa mwenye nyumba kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kufanya hivyo.

Kilichomshinda nyumbu ni kiwanda. Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, yanayojulikana kwa kifupi kama EPZ, na eneo kubwa la aina hiyo likajengwa Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa Kaunti ya Machakos. Viwanda vya saruji vilikuwa hapo tayari, na wafanyakazi wa vyote hivyo walihitaji mahali pa kuweka vichwa usiku. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 154,436, ongezeko ambalo kwa mtu wa takwimu ni mstari unaopanda, lakini kwa mwalimu, muuguzi au karani mwenye uwezo wa kukopa Sacco mara tatu ya akiba yake ni vichwa karibu laki moja vinavyotafuta mito. Mikopo ilichukuliwa, na mawe ya kukatwa kwa mashine yakasombwa kutoka machimbo ya Ndarugu upande wa Juja.

Ardhi ya Kitengela hata hivyo haikushauriwa. Sehemu kubwa yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura unaponyeshewa na kusinyaa unapokauka, kiasi kwamba nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba wote na kuuondoa hadi kwenye tabaka gumu hupumua kwa misimu. Kuuondoa kunahitaji malori mengi ya kuupeleka mbali na malori mengine ya kuleta mawe na changarawe ya kujaza shimo, gharama ambayo haimo katika karatasi ya mwanzo, na hapo ndipo fundi, akiwa ameshika koleo kama mtu aliyeyaona yote, hutamka ile hukumu inayopendwa kuliko zote katika sekta ya ujenzi, kwamba hapo palipofikiwa panatosha. Panatosha hadi Aprili. Mvua ndefu zikishakolea, mlango wa chumba nambari tatu hukataa kufunga na wa chumba nambari nne hukataa kufunguka, ufa mwembamba hujichora kutoka pembe ya dirisha kuelekea darini, na mpangaji, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameonyesha kipaji chochote cha uhandisi, huupiga picha ufa huo akiweka sarafu ya shilingi 20 pembeni ili upana wake uonekane vizuri, kisha huituma picha hiyo tarehe 5 asubuhi, siku ya kodi, bila neno lolote. Ufikapo Februari ufa hufunga wenyewe, lakini punguzo alilopewa mpangaji kwa sababu yake halijasikika kufunga.

Hesabu za ploti hufanywa mara mbili, kwanza na mwenye ploti kabla ya kuchimba msingi, na mara ya pili na ploti yenyewe. Ikichukuliwa ploti ya wastani yenye bedsita 12, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 7,000 kwa mwezi, karatasi ya kwanza huonyesha shilingi 84,000, na ni karatasi hiyo inayokunjwa mara nne, ikawekwa kwenye pochi na kuonyeshwa mashemeji. Katika hesabu ya pili, chumba kimoja hukaliwa bure na keateka, yaani msimamizi anayefunga lango, anayefungulia maji na kujua nani amehama usiku. Kingine huwa kitupu, kwa kuwa katika ploti ya vyumba 12 daima kuna mmoja aliyehama na mwingine aliyeahidi kuhamia Jumamosi. Kwa hiyo kodi halisi ni ya vyumba 10, yaani shilingi 70,000. Kutoka humo Sacco huchukua 33,000 za mkopo, keateka 12,000 za mshahara, maji na uzoaji wa taka 7,500, marekebisho ya vitasa, mabomba na vyoo 5,500, na ushuru 5,250. Kinachobaki ni shilingi 6,750, pungufu kidogo ya kodi ya chumba kimoja. Keateka, kwa upande wake, ana mshahara wa 12,000 na makao ya thamani ya 7,000, jumla 19,000, wala hadaiwi na Sacco yoyote. Na mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuona ni nani kati ya hao wawili anayeingiziwa pesa akiwa usingizini.

Si kweli kwamba mwenye ploti hatajiriki. Zile 33,000 zinazokwenda Sacco kila mwezi zinampunguzia deni, ardhi ya Kitengela imekuwa ikipanda bei tangu siku za ranchi, na barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, imewasogeza wapangaji wa Kitengela karibu na ofisi za jijini, angalau wale wenye nauli yake. Utajiri upo, ila umejengwa ndani ya ukuta, na ukuta haukatiki minofu. Tatizo zima la mwenye ploti ni kwamba shingo yake imenenepa kwa mali asiyoweza kuitia mdomoni, huku jamii ikimtazama na kumtarajia ale kama mtu wa 84,000.

Na yeye hula hivyo. Kuna tofauti ambayo wahasibu huisisitiza kati ya mapato ghafi, yaani jumla ya pesa zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama yoyote, na mapato halisi, yaani kile kinachosalia gharama zikishatolewa. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, huikokotoa sehemu yake kwenye ghafi: tangu Januari 2016 mwenye nyumba za makao anayepokea kodi iliyo ndani ya kiwango fulani kwa mwaka, ambacho sasa ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, hutozwa asilimia ya kodi yote bila kuruhusiwa kutoa gharama za rangi, fundi wala keateka; asilimia hiyo ilianza kwa 10 na ikashushwa hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na malipo hutakiwa kufika kabla ya au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wenye ploti hulalamika sana kuhusu utaratibu huo, wakisema kwamba ni uonevu kumkata mtu kabla hajajua amebakiwa na nini. Wanaolalamika hivyo hukaa kwenye viti vya plastiki kule Isinya, chini ya mti, wakiwa wameagiza mbuzi mzima, supu ya kutangulia na mutura wa kusubiria, tarehe 2 ya mwezi, siku tatu kabla ya kodi kuanza kuingia. Kwa maneno mengine, duniani kuna taasisi mbili tu zinazokata fungu lao kwenye mapato ghafi ya ploti, nazo ni KRA na tumbo la mwenye ploti, na kati ya hizo mbili ni moja tu inayoridhika na asilimia 7.5. Ile kauli ya wahenga kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali ilitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa na buyu tayari. Mwenye ploti wa Kitengela huchovya asali ambayo nyuki bado wanaijadili.

Nyuki wenyewe, yaani wapangaji, wana majadiliano yao yasiyotegemea nia njema peke yake. Mshonaji wa EPZ anayekaa chumba nambari sita hushona suruali zinazovaliwa Marekani, soko lililofunguliwa na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2000 inayoitwa AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru wa forodha. Oda ikipungua Marekani, saa za ziada hukatwa Athi River, na kodi ya chumba nambari sita hufika vipande vipande. Huko Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti, hali ni ile ile kwa sababu nyingine, kwani wapangaji wengi ni wafanyakazi wa serikali ya kaunti, na mgao wa kaunti ukichelewa kutoka Hazina ya Kitaifa mishahara huchelewa, mishahara ikichelewa kodi huchelewa, na ndiyo maana wenye ploti wa Kajiado hufuatilia mvutano wa Seneti, Hazina na Msimamizi wa Bajeti kwa makini ambayo wanasiasa wenyewe hawana. Mtu aliyeingia katika biashara hii akitafuta utulivu wa kijijini hujikuta akiombea suruali za watu asiowajua na kuamka saa kumi na moja kusikiliza habari za bajeti.

Zamani mwenye ploti alipita mlango kwa mlango na daftari, na mpangaji asiye na kodi alizima taa akashusha pumzi hadi hatua zipite. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliondoa sarakasi hiyo na kuleta nyingine, kwa kuwa sasa shilingi 7,000 huweza kukatwa vipande kama keki ya harusi: elfu mbili tarehe 5 na ujumbe unaosema, "Shikamoo mzee, nimetuma hiyo kidogo, ile ingine Ijumaa," elfu moja na mia tano tarehe 9 kutoka nambari ya shemeji ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya wapangaji, elfu mbili tarehe 14 bila maelezo, na salio kuahidiwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu daftari analo, lakini limejaa mishale, majina ya mashemeji na alama za kuuliza, na ifikapo tarehe 20 hulazimika kuiambia KRA jumla ambayo yeye mwenyewe hajaafikiana nayo.

Maji yanastahili aya yao. Kajiado ni kame, bomba la Nolturesh linaloteremsha maji kutoka upande wa Kilimanjaro lina midomo mingi kuliko maji, na ploti nyingi za Kitengela hutegemea visima virefu ambavyo maji yake mara nyingi huwa na chumvi, kiasi kwamba sabuni haitoi povu, birika hujijengea ukoko mweupe ndani, na chai humlazimu mgeni aitie sukari kwa nia ya kujihami. Sasa, mpangaji wa siku hizi hakubali bedsita isiyo na shawa ya umeme, kile kifaa kidogo kinachofungwa juu ya bomba la bafuni na kupasha maji papo hapo yakipita juu ya waya wa moto uliomo ndani. Vifaa hivyo huuzwa vya aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi, na ya pili ni ghali zaidi kwa sababu waya wake umefunikwa usigusane na maji. Mwenye ploti anayenunua vifaa 11 kwa mpigo River Road, akiwa ameshateremshiwa bei na kuona fahari, huchagua aina ya kwanza, akijisemea kwamba maji ni maji. Wiki ya kwanza kila mtu hufurahi. Wiki ya pili mpangaji wa chumba nambari nane huripoti kwamba akishika mfereji akiwa ameloa anahisi kitu kikimtekenya mkononi. Keateka hutumwa kuchunguza, naye, kwa ujasiri unaoelezea mshahara wake, huushika mfereji huo na kutoka bafuni akiwa amesadiki. Mwezi wa tatu nyaya zote 11 zimeungua moja baada ya nyingine, fedha za vifaa vipya zimetoka kwenye fungu la mbuzi, na chumba nambari nane kimehamwa na mtu aliyeacha maandishi ukutani, kwa penseli, yanayowausia watakaomfuata kuoga kwa beseni.

Kuhusu mpangaji asiyelipa kabisa, sheria ni nyingi na zina umri. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, huwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho Kitengela ya leo hakiwezi kupata zaidi ya mahali pa kuweka makaa. Na Sura ya 293 humruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kukamata mali ya mpangaji na kuiuza kwa kufuata utaratibu wake, akimtumia dalali wa mnada mwenye leseni. Hakuna popote anaporuhusiwa kumfukuza mpangaji kwa kung'oa mlango, lakini ni njia inayopendwa, pengine kwa sababu humpa mwenye ploti nafasi adimu ya kushika nyundo. Kasoro zake hazikufikiriwa. Mlango wa chuma ukishang'olewa pamoja na fremu yake huwa mzito, hauingii kwenye buti ya gari dogo, na hulazimu kukodiwa mkokoteni wa kuupeleka nyumbani, ambako huegemezwa sebuleni nyuma ya kochi na kuanza kuuliziwa na wageni. Mpangaji, aliyetarajiwa kuhama kwa aibu, hutundika shuka, na kwa kuwa Kitengela ina upepo mzuri wa jioni, hugundua kwamba chumba sasa kina hewa safi kuliko alivyokizoea. Majirani humhurumia na kumletea chakula, dada zake wa kanisani humfanyia maombi hapo hapo uani, na keateka, ambaye ni rafiki yake, humlindia vitu usiku kwa mshahara wa mwenye ploti. Baada ya wiki sita mlango hurudishwa kwa mkokoteni ule ule, fundi wa kuchomelea hulipwa, ukuta uliobomoka kando ya fremu hupigwa plasta, na deni la kodi, ambalo ndilo lililoanzisha yote, limekua kwa mwezi mmoja na nusu.

Kuna aina ya pili ya mwenye ploti ambayo haina budi kutajwa, ijapokuwa haifurahishi. Huyu hajipongezi hata kidogo. Amejenga vyumba 12, akaongeza 12 vingine, akaanza ghorofa ya tatu ambayo vyuma vyake vimesimama kuelekea mbinguni tangu utawala uliopita, na yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja Nairobi kwa mtu mwingine, anachelewesha kodi yake, na hula sukuma wiki akisema kwamba atastarehe mradi ukikamilika. Walimwengu humsifu kwa kujinyima, lakini ukweli ni kwamba mradi wa aina hiyo huwa haukamiliki, na mara nyingi mbuzi wa kwanza anayechinjwa kwa mapato ya vyumba hivyo huchinjwa siku ya matanga, akaliwa na wapangaji. Kati ya anayekula ghafi na asiyekula chochote, wa kwanza ana madeni mengi zaidi lakini angalau anajua madeni hayo yalikuwa na ladha gani. Wapo wachache walioamua kuliingiza fungu la kujipongeza kwenye daftari kama gharama, kati ya keateka na uzoaji wa taka, shilingi 3,000 kila mwezi na si zaidi, kilo tatu za mbuzi na soda, wakila tarehe 21 baada ya KRA kupata chake. Marafiki huwaona wabahili, kwa sababu kilo tatu haziwezi kuitikia kila neno la mtu.

Mmoja wa hao, mwenye ploti ya upande wa barabara ya Namanga, alikabiliwa na mkasa ambao vitabu vya uwekezaji havijaugusa. Mpangaji wake wa chumba nambari tisa, mchinjaji mwenye banda la nyama choma mwendo mfupi kutoka langoni, alishindwa kulipa kodi ya mwezi mzima, mbuzi wakiwa wamepanda bei mnadani Ilbisil na wateja wakiwa wamepungua. Mwenye ploti, badala ya kwenda na nyundo, alikwenda na daftari, wakaketi, na baada ya mazungumzo marefu wakaafikiana kwamba deni la shilingi 7,000 litalipwa kwa nyama, shilingi 1,000 kwa kilo iliyochomwa, kachumbari ikiwa juu ya mchinjaji. Kwa jioni kadhaa kodi na pongezi vilifika katika sinia moja, na mwenye ploti alisikika akisema kwamba hii ndiyo pesa ya usingizini aliyokuwa akiisikia, hadi mkewe, ambaye ndiye anayejaza fomu za ushuru, alipouliza sinia hilo liandikwe wapi. Ushuru wa kodi za makao unatozwa kwenye mapato ghafi, na chumba nambari tisa ni makao, hata kama mkazi wake ni mchinjaji; asilimia 7.5 ya kilo 7 ni gramu 525, au shilingi 525 kwa bei waliyoafikiana, na hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi uliozuka, na ambao hadi tarehe 19 jioni haukuwa umetatuliwa, ulihusu mizani ya bandani, kwa kuwa mchinjaji alipima nyama pamoja na mifupa yake, mwenye ploti akashikilia kwamba hakula mifupa, na mkewe akataka kujua kama mfupa nao ni sehemu ya mapato ghafi.